Ngombe Iliyofungwa na Kitenge

Kingi, 11/9, kazi ine

Mama Adrienne alinipatia hii kaye ya kuandikia leo. Yeye njo ule mama wa kusikiliza watu. Anatoka Masisi-centre na moto, pikipiki ya kukodi, kila kazi ine, siku ya ine kisha siku ya Mungu, anakaa na sisi wamama nyuma ya kituo cha afya. Mimi nilienda kwa sababu moyo wangu unapiga mbio hata nikiwa nimekaa. Infirmier alinipima, akasema moyo hauna ugonjwa, niende kwa Mama Adrienne.

Aliniuliza nyumbani niko na nani. Nikasema bwana yangu Nzabandora, na binti yetu Astrid wa miaka kumi na tano. Akauliza Nzabandora analalaka namna gani. Sikujua kujibu. Akasema niandike kila siku: kama alikula, kama alilala, kama alisema. Nilimuambia mimi niliacha masomo mwaka wa ine ya primaire. Akasema hii kaye haina mwalimu wa kuisahihisha.

12/9

Alikula kidogo. Hakulala. Hakusema.

13/9

Sawa na jana. Tulipanda maharagi chini ya nyumba, mimi na Astrid.

14/9, siku ya Mungu

Baada ya misa waliniuliza Papa Astrid iko wapi. Nikasema malaria. Sasa hii malaria iko na miezi saba.

17/9

Mvua tangu saa nane. Niandike mambo yetu mara moja, Mama Adrienne asinizunguke tena na maswali.

Mbele ya vita Nzabandora alikuwa anatengeneza fromaji, jibini ya maziwa, kwa ferme moja ya ngombe juu ya Mushaki. Watu walisema fromaji yake haina haraka ndani. Tulikuwa na ngombe tano. Vita ilikuja, tukakimbilia kambi karibu na Goma, tukakaa mwaka na nusu. Kule alisukuma shukudu, baiskeli ya miti, kubeba mbao za watu. Siku kuhara ilikamata Samy wetu, miaka sita, yeye alikuwa njiani na mbao. Alifika siku ya tatu, tumeishazika. Mimi nilisimama mbele ya watu wote nikamuuliza: Ulikuwa wapi? Ni hiyo tu nilisema. Hakujibu.

Kisha kambi ilivunjwa, watu wakaambiwa kila muntu arudi kwao. Pale tulimulaza Samy hapakubaki alama. Tulirudi hapa Kingi mwezi wa pili, tukakuta ngombe moja. Tangu ile siku anaongea kila siku kidogo kuliko jana yake, sawa radio yenye betri inakwisha. Mimi nilisema ni uvivu. Hata nilimuambia hivyo kwa kinywa changu.

18/9

Kwa Mama Adrienne tulifundishwa kupumua. Miaka makumi ine na moja nilipumua bila mwalimu. Lakini nilipumua ile yake, na moyo ulitulia mpaka mutoni.

22/9

Mpini wa jembe ulivunjika, nikarudi mapema. Nilimukuta ndani ya nyumba ya ngombe. Ngombe ilikuwa inje inakula majani. Yeye amekaa juu ya debe, kamba ya ngombe iko kwenye magoti yake, anaiangalia. Haifungi, haitengenezi. Anaiangalia namna muntu anaangalia barabara mbele ya safari.

Nikamuuliza anafanya nini. Akasema: "Napumzika."

Nikasema ngombe inapashwa kufungwa, nikachukua kamba. Aliniachia. Mikono yake ilikuwa baridi na inje kulikuwa jua.

Sikufunga ngombe. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Anastasie, ule anauza maziwa barabarani, tunaimba naye kwenye korali. Nikamuambia anichungie hii kamba, kwangu panya wanaikula. Alisema kwangu panya wanakula kamba, kwake wanakula sabuni, kila panya na kanisa lake. Akaisukuma chini ya kitanda. Hakuuliza kingine.

23/9

Ngombe haiwezi kukaa bila kufungwa. Kulia ni shamba ya Papa Hakorimana, na ule mzee anajua kila muti wa maharagi yake kwa jina. Nikatoa kitenge yangu ya zamani, ile ya harusi ya mudogo wangu, nikaipasua vipande vitatu, nikasokota. Ni kitenge yenye ilichoka. Njo sababu niliichagua. Chenye ngombe inaweza kukata hakiwezi kubeba muntu.

24/9

Alikula. Hakulala. Mimi pia hapana, nilikuwa nasikiliza kama anapumua.

25/9, kazi ine

Wamama walinicheka leo. Wameona ngombe. Moja alisema ngombe ya Mama Astrid inavaa kuliko sisi, kesho itaomba kilemba. Mwingine akasema siku ya Mungu itakaa mbele kanisani, na wamama wa Legio ya Maria. Nilicheka pamoja nao. Mama Adrienne hakucheka, aliniangalia tu, akaandika kitu.

26/9

Kitenge ilikatika. Nilisokota tena.

29/9

Ilikatika. Astrid aliniuliza kamba iko wapi. Nikamuambia asome.

2/10, kazi ine

Nilingojea wengine watoke. Nikamuambia Mama Adrienne yote, debe, kamba, kitenge. Nilikuwa nasema nikiangalia mulango, kwa sababu neno kama hili likitoka kwa nyumba haliwezi kurudi. Hapa Kingi muntu akijiua, watu hawaimbi kwenye mazishi yake, na binti yake anaolewa mbali ao haolewi.

Aliniuliza kama nimeishamuuliza yeye mwenyewe anafikiri kufa.

Nilisema kwetu haiulizwi. Ukitaja chui unamuonyesha njia. Afadhali nifiche.

"Mama Astrid," akasema, "wewe umeishamutaja. Umemutaja kwa kitenge. Bwana yako anaona hiyo kitenge kila asubuhi, na hakuna muntu anamuambia neno. Kumuuliza hakumuletei hilo wazo. Kama liko, liko tayari. Unamufungulia tu mulango atoke."

Alisema kazi mbili atakuja nyumbani kuongea naye. Mbele ya hapo nisimuache peke yake, na nikipata nguvu nimuulize. Nilitoka pale nikiwa na hasira naye. Yeye hana bwana wa kumuuliza hayo.

7/10, kazi mbili

Nilifagia, nikapika viazi mapema. Mama Adrienne hakufika. Kulikuwa risasi upande wa juu na moto hazipiti.

9/10

Hakuna kikundi. Infirmier alisema barabara imefungwa na simu haishiki, hajui mpaka lini.

10/10

Hakula.

11/10

Hakula. Jioni alikunywa maziwa.

14/10

Leo nilikaa karibu yake nikafungua kinywa ili nimuulize. Nikamuuliza kama bugali ilikuwa na chumvi. Bugali haitiwi chumvi. Aliniangalia. Akasema ndiyo, ilikuwa nayo.

16/10

Watu wamefika kutoka Walikale, jamaa karibu makumi tatu, wanalala ndani ya vyumba vya masomo. Basi Astrid hana darasa. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu sasa tuko wawili wa kumuangalia. Astrid sijamuambia kitu. Nilisema tu abaki na baba yake. Akasema: "Najua, mama." Sikuuliza anajua nini.

20/10

Maharagi inatoa maua. Kitenge imebaki fupi, mafundo mengi kuliko kitambaa.

23/10

Mama Adrienne bado. Mimi na Mama Anastasie na wengine wawili tulienda hata hivyo, tukakaa nyuma ya kituo cha afya, tukapumua bila yeye. Tulisahau kama ni kuhesabu mpaka ine ao mpaka sita. Kila muntu alihesabu yake.

28/10

Ngombe ilikata kitenge saa tatu ya asubuhi. Nilikuwa nachota maji. Astrid alikuwa na baba yake vile nilimuomba. Niliporudi ngombe imesimama katikati ya maharagi ya Papa Hakorimana, kipande cha kitenge shingoni, imeishakula mistari minane na ingine kuikanyaga.

Papa Hakorimana hakupiga kelele, hiyo ingekuwa afadhali. Alihesabu mistari, mara mbili, akaenda kwa nyumbakumi. Kazi ine tutakaa barza, nyumbakumi atatukatia hii maneno.

30/10, kazi ine

Nimekaa kuandika tangu turudi. Niandike vizuri.

Barza ilikuwa kwenye kibanda cha nyumbakumi kwa sababu ya mvua. Watu walijaa, hata wale wa Walikale walikuja kuangalia. Papa Hakorimana alileta miti ya maharagi yenye maua yake, akaiweka kwenye meza sawa maiti. Akasema yeye hana shida na ngombe, ngombe haina akili. Shida yake ni mwenye ngombe. Tangu mwezi wa tisa kila muntu anaona ile ngombe inafungwa na kitambaa, watu wanacheka, mwenyewe anacheka nao. Aseme kwa nini.

Nyumbakumi aliniuliza. Nikasema kamba ilipotea.

Papa Hakorimana akasema hapa migomba iko kila fasi, hata mutoto anasokota kamba ya migomba kwa saa moja. Muntu anapoteza kamba mwezi muzima hasokoti ingine? Watu wakasema ni kweli.

Nyumbakumi akaniuliza tena. Nikasema iliibiwa. Mama Anastasie aliinamisha kichwa. Mwenye kuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika: leo ilipotea, leo tena iliibiwa, kesho itakuwa imeolewa. Wakacheka. Nyumbakumi akasema ananiuliza mara ya tatu na ya mwisho, na kama nasema uongo mbele ya barza, ngombe inabaki kwa Hakorimana mpaka mavuno. Mimi niliona afadhali ibaki. Nilikuwa nataka kusema ndiyo, ichukueni.

Hapo njo nilisikia sauti yake. Nilifikiri amebaki nyumbani. Kumbe alikuja na Astrid nyuma ya watu. Miezi nane hakutoka kwenye lupango, hakupita uzio wetu.

Alisema: "Kamba haikupotea. Aliificha. Alinifichia mimi hiyo kamba."

Watu waligeuka.

"Mwezi wa tisa nilitaka kuondoka kwa hii dunia. Yeye aliona. Hakuniuliza, na mimi sikumuambia. Alipasua nguo yake. Kila asubuhi naona ile ngombe na kitenge shingoni, najua kuko muntu moja anataka nibaki. Sasa munamuita muongo. Muongo ni mimi, mwenye nilisema napumzika."

Mvua ilikuwa juu ya mabati. Mzee moja alinungunika kwamba maneno ya namna hii hayasemwi kwenye barza, italeta bahati mbaya kwa kijiji, itafutwe kondoo ya kutakasa. Nyumbakumi aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nangojea dunia ianguke. Nilikuwa nafikiri Astrid, nani atamuoa sasa.

Papa Hakorimana alisimama pole. Ule mzee nilimuchukia mwezi muzima. Alichukua muti moja wa maharagi kwenye meza, akaushika tu.

"Kaka yangu Nshimiyimana," akasema, "hakuna muntu alimufichia kamba."

Sisi wote tulimuzika Nshimiyimana miaka tatu iliyopita, na tuliambiwa ni tumbo. Tuliimba. Watu wakainamisha vichwa moja moja, na ule mzee wa kondoo pia.

Papa Hakorimana alikaa. Kisha akasimama tena, akasema: "Lakini maharagi yangu imekuliwa."

Hapo watu walicheka, si kicheko kibaya. Niliangalia Nzabandora, nikaona kona ya kinywa imesogea.

Nyumbakumi alikata hivi: Nzabandora atalima ile mistari minane na kupanda kabichi, Hakorimana akiwa naye, na tutatoa kikapo moja ya maharagi yetu kwenye mavuno. Mama Anastasie alituambia inje kwamba kamba iko pale pale chini ya kitanda. Alisema yeye alijua tangu siku ya kwanza, kamba ya ngombe hailalake kwa jirani bure. Alikuwa anaomba rozari kila siku akilala juu yake.

Njiani Astrid alitangulia. Nikamuuliza Nzabandora. Sasa haikuwa ngumu.

"Bado unafikiri kufa?"

"Kila siku," akasema. "Leo kidogo."

Tukatembea. Kisha akasema ile siku ya Samy alikuwa Sake. Gurudumu ya shukudu ilipasuka, mwenye mbao akakatala asiache muzigo. Nilisimama kwenye matope. Nilimuambia ile swali yangu ya mazishi haikuwa yake. Ilikuwa ya Mungu, lakini yeye njo alikuwa karibu.

Alilia. Mimi hapana, mimi nililia nikifika kwa jiko.

31/10

Alikula. Alilala mpaka saa kumi na mbili.

3/11

Alienda kulima kwa Papa Hakorimana. Nilikaa na moyo mukononi mpaka nikasikia sauti ya ule mzee. Anaongea bila kupumzika, kabichi itaota masikio.

6/11, kazi ine

Mama Adrienne amerudi. Barabara ilifunguliwa jana. Alikuja nyumbani, wakakaa na Nzabandora nyuma ya nyumba kupita saa moja, mimi nilibaki napiga sombe, majani ya mihogo, yenye ilikuwa imeishalainika. Alisema kazi moja Nzabandora aende naye hospitali Masisi, kuko infirmier wa magonjwa ya mawazo, labda watamupa dawa. Nikamuambia alisema kweli juu ya kuuliza. Akasema si kila mara inaenda hivi, na kwamba mimi nilifanya vizuri kutoa kamba, ila kosa langu ni kuibeba peke yangu.

10/11

Walienda. Wamemupa vidonge vya kunywa jioni. Mimi njo naviweka. Walisema matokeo yatakawia majuma mbili, tatu.

13/11

Mama Adrienne aliomba wanaume pia wakae kikundi, Nzabandora pamoja nao. Wamekatala kukaa kwenye benchi ya kituo cha afya, wanasema kila mupita njia ataona. Basi wanakaa kwa Papa Hakorimana, wanatengeneza lupango yake na kuongea. Wako tano. Hakorimana anaambia watu ni cooperative ya kabichi. Lupango yenyewe iko nzima tangu juma lililopita. Wanaitoa miti na kuirudisha.

16/11, siku ya Mungu

Tulitoa misa ya Samy. Padiri alisoma jina lake. Nzabandora alikuja, alikaa mwisho karibu na mulango.

22/11

Alikula. Alilala. Aligombana na mimi juu ya maziwa yenye niliacha kuchacha. Nilifurahi kugombana.

27/11

Hakuna jambo.

2/12

Watu wa Walikale wamerudi nusu, nusu wamebaki. Astrid anasoma asubuhi tu.

5/12

Hakulala. Sijui kwa nini. Kidonge alikunywa, nilikiona.

6/12

Hakulala.

8/12

Nilimuuliza. Akasema ile wazo ya kufa iko, lakini iko mbali, sawa muntu upande wa pili wa kilima. Nilimuambia ikisogea aniambie. Akasema kama atajua kusema. Mama Adrienne alituonya: si njia ya lami, itashuka na kupanda.

12/12

Maharagi imekauka. Leo tulipashwa kuingoa yote, kwa sababu mawingu ilikuwa chini tangu asubuhi, na maharagi yenye kukauka ikipigwa na mvua inaota ndani ya maganda. Hii njo chakula yetu mpaka mwezi wa sita. Mimi na Astrid tulikuwa shambani saa kumi na mbili. Nzabandora nilimuacha anakunywa chai.

Saa ine hivi nilimuona anashuka. Anatembea pole, bila koti. Alifika kwenye mustari wangu, akasimama. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya debe.

"Mama Astrid," akasema, "imesogea. Nimekuja kukuambia. Usiniache peke yangu."

Nilimuuliza kama naweza kumaliza mustari. Njo vile nilisema, mikono yangu ilikuwa imejaa maharagi. Akasema hapana. Alisema pole, kama anaomba maji.

Nikaweka chini ile nilikuwa nayo. Nilimutuma Astrid kwa Papa Hakorimana kumuambia kesho apigie Mama Adrienne simu, kisha nikasema hapana, leo, sasa. Tukapanda nyumbani sisi wawili, tukakaa kwenye mulango. Alisema mambo ya Samy, namna alikuwa anakula ngozi ya juu ya maziwa kwa kidole, na kwamba hakumbuki tena sauti yake. Nilimuambia mimi naikumbuka. Akaomba niige ile sauti. Nikajaribu. Haikuwa vizuri sana lakini alifunga macho akasikiliza.

Papa Hakorimana alifika, akasema Mama Adrienne atakuwa hapa mbele ya saa tisa, Astrid anamungojea barabarani, akakaa kwenye jiwe. Mara ya kwanza namuona hana neno.

Mvua ilikuja saa sita. Kutoka mulangoni shamba inaonekana yote, nusu imengolewa, nusu imesimama. Nilisikia miguu yangu inataka kusimama peke yake. Nzabandora aliona. Akasema maharagi ikiota tutakula viazi.

Tuliiangalia ikiloa, sisi watatu. Mimi sikusimama.